Vitunguu Saumu Vilivyofika Bila Harufu

Tarehe 9 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua vizuri, na naomba barua hii iwakute wewe na shemeji mkiwa mezani, si kitandani. Wifi yako kikohozi kimemwisha na sasa amerudi kunigombeza kwa sauti kamili. Mtoto ameanza kutembea. Anashika kuta zote za nyumba kama mkaguzi wa majengo. Shemeji masikio yanaendeleaje? Mwambie miaka thelathini ya kukaa na mashine za uchapaji si mchezo, akubali tu kwenda kupimwa.

Sasa nina jambo. Mkubwa wangu hapa maabara, yule Daktari niliyekuambia anakunywa chai bila sukari, ameanza utafiti wa vitunguu saumu. Tunakusanya vitunguu kutoka bustani ishirini na tatu na kupima kila bustani inatoa alisini kiasi gani. Alisini ndiyo ile kemikali yenye harufu kali. Ajabu yake ni kwamba kitunguu kizima hakina alisini. Ndani ya punje kuna kemikali iitwayo alini, na kuna kimeng'enya chake, kile kinachoigeuza kuwa alisini, na kila kimoja kimefungiwa chumba chake. Ukiponda, kuta zinavunjika, vinakutana, na hapo hapo alisini inazaliwa. Kwa hiyo ile harufu inayokutoa machozi jikoni haikuwepo dakika moja kabla.

Bustani itakayoongoza ndiyo itakayotumika katika utafiti wa miaka mitatu wa wagonjwa wa presha. Na aliyeileta sampuli yake atapewa meza ya vipimo aisimamie. Dada, mimi nina miaka saba hapa na bado naosha chupa za wenzangu. Basi juzi kwenye kikao nikaropoka mbele ya wote kwamba hakuna kitunguu saumu duniani kikali kama cha dada yangu, anachokipanda nyuma ya nyumba. Daktari akasema, "Kilete."

Naomba unitumie kilo mbili. Na vidonge vyako vya presha unaendelea navyo? Mara ya mwisho nilipouliza ulinijibu habari za mvua.

Mdogo wako,
Pua


Tarehe 28 Januari

Mdogo wangu Pua,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Shemeji yako hajambo, ila jana nimemwambia alete chumvi akaleta mwavuli. Kupimwa masikio hataki, anasema anayosikia yanamtosha. Mbusu mkaguzi wa majengo kwa niaba ya shangazi yake. Wifi mwambie asinyamaze, wewe bila kugombezwa unalala.

Nimefurahi mpaka nimewasimulia watu wote kantini. Tangu ukiwa mdogo hukutia mkono kwenye sahani kabla ya kunusa, hata maji ya kunywa ulikuwa unayanusa, ndipo tukakuita Pua. Leo wamekuvalisha koti jeupe ili unuse. Mama angekuwepo angecheka wiki nzima. Nilikulea kwa masufuria ya kiwanda hiki hiki cha uchapaji, nikikurudishia ukoko kwenye kopo, na sasa kitunguu changu kinaenda kukaa kwenye meza ya madaktari. Mwenye wivu na ajinyonge.

Vitunguu nimemkabidhi dereva wa lori la karatasi anayekuja huko kwenu kila mwezi. Nimeviandaa mwenyewe, sikumwachia mtu. Nimemenya punje moja moja, nikazisafisha kama ninavyosafisha kila kitu kinachotoka jikoni kwangu, nikazikausha kwa kitambaa cheupe, nikazifunga kwenye chupa kubwa ya kioo. Unajua jiko langu lilivyo. Mpishi aliyenitangulia aliondolewa kwa saladi yake iliyowalaza hospitalini wachapaji kumi na mmoja siku moja, na siku niliyokabidhiwa ufunguo niliapa kwamba hakitatoka kitu mikononi mwangu kikamwaibisha mtu. Ni mwaka wa ishirini na sita huu.

Wakikuuliza ni vya nani, usiseme "vya dada yangu" kwa sauti ya chini. Sema ni vya Mpishi Mkuu wa kantini ya wachapaji.

Uliuliza kuhusu vidonge. Huku mvua imekuwa nzuri.

Dada yako


Tarehe 2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Wifi yako anakusalimu. Mtoto ameota meno mawili ya juu.

Chupa ilifika salama, haikupasuka. Ilikuwa safi kweli kweli, kila mtu aliisifu kwa usafi. Vipimo vimefanyika na majibu ni mazuri. Asante sana kwa kazi uliyoifanya.

Salamu kwa shemeji. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mdogo wako,
Pua


Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili. Meno mawili ya juu, safi sana, sasa ale vitu vya maana. Shemeji yako mzima. Mimi mzima, na nikikuambia nilivyofurahi utadhani nimeshiba upepo.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti, lakini maneno matatu yalinitosha. "Majibu ni mazuri." Niliisoma kwa sauti saa ya chakula, nimesimama juu ya kreti la soda. Wachapaji walipiga vijiko mezani. Unawajua hawa watu, kitu kisipochapwa kwao hakijatokea. Kabla ya jioni walikuwa wamenitengenezea bango zima, herufi nyekundu na nyeusi, limebandikwa juu ya dirisha la kugawia chakula: VITUNGUU SAUMU VYA JIKO HILI VIMEPIMWA MAABARA. MAJIBU NI MAZURI. Wametengeneza na kadi ndogo pia. Moja imo humu kwenye bahasha, mpe Daktari.

Sasa watu wanakuja na mambo yao. Mwenye mafua ananiomba punje, mwenye kifua anaomba, hata meneja mwenyewe amekuja kuuliza habari ya kolesteroli. Nawagawia. Nawaeleza habari ya vyumba viwili na kuta zinazovunjika, na nakuambia naieleza vizuri kuliko wewe.

Na mimi mwenyewe nimejiweka kwenye mpango. Punje tatu asubuhi, tatu jioni. Si ulisema utafiti wenu ni wa presha? Basi vidonge vimekaa kabatini vinapumzika, wiki ya pili sasa, na kliniki sijakanyaga. Kwa nini nipange foleni kwa dawa ya watu nisiowajua wakati mdogo wangu niliyemlea kwa ukoko anatengeneza dawa kutoka bustani yangu? Yule muuguzi wa kliniki alinikuta sokoni akaniuliza, nikamjibu kwamba mimi nina maabara yangu.

Juzi niliangusha sufuria la mchuzi, lakini sakafu ilikuwa na maji. Kichwa nacho kinaniuma asubuhi, ni hii miwani, nimeshasema inabidi nibadilishe. Shemeji yako ananitazama sana siku hizi. Nimemwambia kama ananipenda aseme, asinitolee macho.

Endelea hivyo hivyo. Natembea nikiwa nimeinua kichwa.

Dada yako,
mwenye vitunguu


Tarehe 2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Wote wazima. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Naomba ukimaliza kusoma mstari huu uinuke, ufungue kabati, uchukue vidonge vyako, uende navyo kliniki leo hii wakupime na wakuambie uvirudie vipi. Barua itakusubiri.

Nilikuandikia uongo. Majibu hayakuwa mazuri. Majibu yalikuwa sifuri.

Nitakueleza ilivyokuwa. Tuna mashine inayotenganisha kemikali moja moja na kuchora mstari kwenye karatasi. Penye alisini, mstari hupanda kama kilima. Bustani nyingine zote zilikuwa na vilima, vikubwa na vidogo. Yako ni namba kumi na saba. Niliponda punje zako kwa mkono wangu, nikasubiri muda wake, nikaingiza, na mstari ukaenda tambarare kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikarudia. Nikarudia tena. Daktari hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. Aliandika "hakuna" kwenye mstari wa kumi na saba akageukia bustani ya kumi na nane. Mimi nikarudi kuosha chupa.

Niliona aibu, dada. Si aibu yako, ni yangu. Nikajiambia uko mbali, hutajua, na neno zuri moja halitamdhuru mtu. Sikujua utalibandika ukutani. Sikujua utaliweka mahali pa vidonge.

Hata kama kilima chako kingekuwa kirefu kuliko vyote, bado ningekuandikia hivi. Nimesoma tafiti zilizofanywa kwa watu. Wenye presha waliopewa vitunguu saumu, wengi iliwashuka kidogo, pointi chache tu. Wewe namba zako nazijua. Mwaka juzi ulikuwa mia na themanini na kitu. Pointi chache kwako ni kama kushuka ngazi moja ukiwa bado uko juu ya paa. Na lile la miwani sikubaliani nalo. Na lile la sufuria pia.

Nidharau mimi, usidharau vidonge.

Mdogo wako,
Pua


Tarehe 30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo.

Nimepiga simu kiwandani mara nne. Kila anayepokea ananiambia uko jikoni, na nyuma yake nakusikia ukimwambia aseme uko jikoni. Mara ya nne nikamwomba nimsemeshe shemeji, akaja, nikamuuliza kama unakunywa vidonge, akanijibu kwamba ndiyo, mahindi yameota vizuri.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba neno moja tu, unavinywa au huvinywi. Liandike kwenye kadi ya wachapaji, nyuma, hata bila salamu.

Mtoto sasa anasema "shangazi" akiona picha yako. Hajui kama tumegombana.

Pua


Tarehe 26 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu sikunyimi, nilikulea kwa adabu na sitaacha yangu kwa sababu wewe umepoteza yako. Sisi wazima. Picha ya mtoto niliyoletewa na dereva nimeiona, ana paji la uso la mama. Mnunulieni viatu, hatembei tena huyo, anakimbia.

Barua yako ya Aprili niliisoma mara moja. Kisha nikapanda kreti lile lile la soda, saa ile ile ya chakula, mbele ya watu wale wale, nikabandua bango kwa mikono yangu. Nikawaambia, "Nilidanganywa, na mimi nikawadanganya. Punje nilizowagawia zitieni kwenye mchuzi." Hakuna aliyepiga kijiko. Mchapaji mmoja akauliza kama chakula cha leo nacho kimepimwa, nikamnyima nyama. Nimepika pale miaka ishirini na sita, Pua, na sikuwahi kutamani sakafu ipasuke mpaka siku ile.

Uongo wako umeniuma. Lakini kuna kitu kingine kimeniuma zaidi, na nimekaa nacho wiki hizi zote nikikigeuza. Sifuri? Kitunguu changu? Mimi nikiponda punje mbili jikoni, wanaopanga herufi ghorofa ya pili wanajua leo ni siku ya maharage. Usiniambie sifuri. Na hakuna mtu aliyeviandaa vizuri kama mimi. Nilimenya, nikachemsha sufuria kubwa la maji, nikatumbukiza punje zote, nikahesabu mpaka mia tatu bila kuruka, nikazitoa, nikazikausha. Kila kitu kinachotoka jikoni kwangu kinapita kwenye maji yanayochemka, hata vijiko, hata majani ya saladi kidogo, tangu wale watu kumi na mmoja. Wewe mwenyewe ulikuwa unalalamika kwamba nachemsha mpaka matango. Sasa nyie na makoti yenu mkanipa sifuri kwa usafi wangu.

Basi nimekutumia vingine. Dereva atakuletea kiroba. Havikumenywa, havikuoshwa, vina udongo na mizizi na sidhani kama vinakosa minyoo. Nimeving'oa jana nikavitia hivyo hivyo. Naona huko kwenu usafi hautambuliki, kwa hiyo kuleni uchafu.

Uliuliza kama nakunywa vidonge. Hilo si swali la kumuuliza mtu uliyemdanganya.

Dada yako


Tarehe 18 Juni

Dada yangu, Mpishi Mkuu,

Shikamoo, na naomba leo ukae chini, si usimame. Wifi yako mzima, amesoma barua yako akasema uko sahihi kila mstari, kisha akanigombeza kwa niaba yako. Viatu vya mtoto vimenunuliwa. Anavivua.

Nilipofika kwenye neno "nikahesabu mpaka mia tatu" nilikuwa nimesimama korido ya maabara, na nikaurudia mstari huo kwa sauti. Dada, ulikipika. Kile kimeng'enya nilichokueleza, kinachokaa chumba chake kikisubiri kuta zivunjike, kinakufa kwenye maji ya moto. Alini ilikuwepo tele kwenye punje zako, lakini mwenzake alikuwa maiti. Ningeponda mpaka kesho, hakuna ambacho kingezaliwa.

Na wa kulaumiwa ni mimi, nataka tuelewane hapo. Mimi ndiye ninayejua moto unafanya nini. Lakini nilikuandikia "nitumie kilo mbili" kama ninayemwandikia mtu wa dukani, nikasahau naandikia nani. Nilikulia jikoni mwako. Nimekula matango yaliyochemshwa. Ilinipasa kujua kwamba hakuna kitu kitakachotoka kwako kuja kwa watu wenye makoti meupe bila kuchemshwa kwanza. Halafu kuna hili linalonitia aibu kuliko yote. Nilipofungua ile chupa mbele ya Daktari, haikunuka. Mimi, mnayeniita Pua, nilifungua chupa ya vitunguu saumu vilivyomenywa, nikainusa, sikusikia kitu, nikasema, "Dada yangu anajua kufunga."

Kiroba kilipofika, vingine vikiwa vimepondeka njiani, hakukuwa na haja ya kukifungua. Mlinzi wa getini alinipigia simu kuuliza nimeletewa nini. Nilikwenda kwa Daktari na barua yako mkononi, nikamsomea kipande cha mia tatu. Huyu mtu sijawahi kuona meno yake. Dada, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafuta lile neno "hakuna" akaniambia, "Pima upya, mbele yangu."

Nikaponda punje tatu zenye udongo wako. Tukasubiri dakika kumi. Nikaingiza. Mstari ukaanza kupanda, ukapanda, ukapita kilima cha bustani ya nne ambayo ndiyo ilikuwa ikiongoza, na bado unapanda, mpaka kalamu ikagonga ukingo wa juu wa karatasi na Daktari akaniambia nipunguze kipimo nianze tena. Tumerudia mara tano. Namba kumi na saba ni ya kwanza kati ya ishirini na tatu, na inayoifuata iko mbali. Kwenye ripoti pana sehemu ya jina la mkulima. Nimeandika "Mpishi Mkuu, kantini ya wachapaji", kwa herufi kubwa.

Sasa nikuambie ukweli wa mwisho. Nilikaa siku nne na majibu haya bila kukuandikia. Niliogopa. Neno zuri la uongo lilikutoa kwenye vidonge, sasa neno zuri la kweli je? Nilifikiria nikuandikie kwamba bado ni sifuri, unikasirikie, uendelee kuishi. Wifi yako akaniuliza, "Kwa hiyo umeamua kumdanganya dada yako mara ya pili, safari hii kwa faida yake?" Nikachukua kalamu.

Kwa hiyo yachukue yote mawili kwa pamoja, usichague. Kitunguu chako ni cha kwanza. Na hakitoshi. Alisini yenyewe haikai, inageuka kemikali nyingine za salfa kabla haijafika mbali mwilini, na mpaka sasa hakuna anayejua vizuri ni ipi inayofanya kazi gani. Ndiyo maana tunatafiti. Kinasaidia kidogo, tena kikiwa pembeni ya vidonge, si mahali pake. Na mwambie muuguzi unakula punje ngapi, kwa sababu kinaifanya damu iwe nyepesi kidogo, wanapenda kujua.

Kwa jiko lako nina ombi moja la kitaalamu. Ponda kwanza, acha dakika kumi, ndipo utie kwenye mafuta. Ukikitupa kwenye moto papo hapo unakiua kabla hakijaamka.

Kuanzia Jumatatu mimi ndiye msimamizi wa meza ya vipimo. Ningekupigia simu, lakini najua uko jikoni.

Mdogo wako,
Pua


Tarehe 4 Julai

Mdogo wangu, Msimamizi wa Meza,

Marahaba. Mwambie wifi yangu kwamba nampenda kuliko ninavyokupenda wewe, na asiache kazi anayoifanya. Shemeji yako hatimaye amekwenda kupimwa masikio. Wamemwekea kifaa kidogo, na siku ya kwanza tu akaniambia ninakoroma. Nimemwambia akivue.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza. Halafu nikainuka nikaenda bustanini, nikasimama katikati ya matuta, nikavitazama vitunguu vyangu. Nilivipigia makofi tu, mara tatu, jirani akachungulia.

Kuhusu maji ya moto, sitaacha. Watu kumi na mmoja ni watu kumi na mmoja. Ila vitunguu saumu nimevitoa kwenye sheria. Na hilo la dakika kumi nalo nimelipokea, ingawa limeniuma, maana ina maana kwamba kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikikitupa kwenye mafuta papo hapo, na wachapaji wamekula maiti. Sasa naponda nikifika tu, kabla hata ya kufunga aproni, nikimaliza kuchagua mchele kiko tayari. Ghorofa ya pili wanasema harufu imeongezeka. Nimewaambia si harufu, ni kipimo.

Bango limerudi. Nilikataa maneno yao ya kwanza, walitaka kuandika DAWA. Nikawaambia waandike ninavyosema mimi au wale kwingine. Sasa linasomeka: VITUNGUU SAUMU VYA JIKO HILI NI VYA KWANZA KATI YA BUSTANI ISHIRINI NA TATU. MWENYE VIDONGE AMEZE VIDONGE VYAKE. Meneja ameomba kadi, na muuguzi wa kliniki amechukua mbili.

Sasa lile swali lako. Siku niliyobandua bango, nilishuka kwenye kreti nikaenda moja kwa moja kliniki na aproni yangu, nikiwa na hasira zangu zote. Muuguzi akanipima. Mia na tisini kwa mia na kumi. Nikamwambia ni hasira. Akasema hasira au si hasira, hapa hutoki, akanilaza kwenye benchi mpaka jioni. Aliniuliza ile maabara yangu inasemaje. Nikamjibu kwamba maabara yangu ndiyo iliyonileta. Nilianza vidonge kesho yake, tarehe kumi na mbili Aprili, na sijakosa siku hata moja.

Ndiyo, nilikuwa navinywa muda wote huo. Ulipopiga simu nilikuwa nimeshakimeza cha siku hiyo. Sikukuambia kwa sababu nilikaa na aibu, nikaona na wewe ukae na wasiwasi, tugawane. Nilikusudia mwezi mmoja. Nikaona utamu nikaongeza wa pili. Hapo nilizidisha, najua, na hilo nisamehe.

Wiki iliyopita nilikuwa mia na thelathini na nane kwa themanini na sita. Kichwa hakiniumi. Miwani sikubadilisha.

Nilikuwa nikiwaambia watu nina mdogo wangu anayefanya kazi maabara. Siku hizi nawaambia nina mdogo wangu aliyeniandikia sifuri kwa mkono wake mwenyewe wakati angeweza kunyamaza. Wengine hawaelewi kwa nini najivunia hilo. Nawaacha hivyo hivyo.

Ndani ya bahasha kuna karatasi tatu za vidonge, zile za kung'aa. Kila moja ina nafasi ishirini na nane, na cha mwisho nimekimeza leo asubuhi. Wewe huamini maneno yangu na mimi siamini yako, kwa hiyo nimekuletea sampuli. Sikuichemsha. Weka kwenye meza yako mpya, uipime vizuri, na usithubutu kuniandikia kwamba majibu ni mazuri. Hesabu mashimo, uniletee namba.

Dada yako,
Namba Kumi na Saba